Carlsbad: Kilima Kilichowafunza Wamarekani Kushinda

Na Mwandishi Wetu

NDUGU msomaji, ikiwa siku moja utajaliwa kufika katika mji wa Carlsbad, ulioko pwani ya Bahari ya Pasifiki kusini mwa jimbo la California nchini Marekani, shika barabara ipitayo kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Palomar, uipe bahari mgongo na kuelekea bara. Mbele kidogo utakuta majengo mapana ya ofisi na maghala. Njia zake ni za lami, majani yamekatwa sawasawa, na magari yameegeshwa kwa mistari iliyonyooka. Wafanyakazi huingia asubuhi, hutoka jioni. Ni mahali pa utulivu kabisa.

Kitu kimoja tu kinaweza kumfanya mgeni asimame na kujiuliza. Eneo hilo la biashara limepewa jina la uwanja wa mbio. Mbio gani, na uwanja uko wapi?

Uwanja uko chini ya majengo hayo. Kwa miaka 40, kuanzia 1964 hadi 2004, mahali hapo palikuwa na Uwanja wa Mbio wa Carlsbad, na kwa miaka 14 kati ya hiyo mabingwa wa dunia wa mbio za motokrosi walivuka bahari kila mwaka kuja kupimana nguvu kwenye vilima vyake. Hapo ndipo Wamarekani waliposhindwa mwaka baada ya mwaka mbele ya watu wao wenyewe, na hapo ndipo mmoja wao alipowaonyesha wenzake kwamba mgeni naye hushindika. Leo tunakuletea habari za uwanja huo, namna ulivyozaliwa, ulivyopata sifa na ulivyokufa, kwa kuwa katika kufa kwake limo jambo linalotuhusu hata sisi tusiowahi kupanda pikipiki ya mashindano.

MCHEZO WENYEWE

Huenda wapo wasomaji wasioufahamu vizuri mchezo huu. Motokrosi ni mbio za pikipiki zinazoendeshwa nje ya lami, katika njia ya mzunguko yenye vilima, mabonde, kona kali, matuta, mchanga au matope. Washindani thelathini au arobaini hujipanga mstari mmoja nyuma ya kizuizi. Kizuizi kikianguka wote huondoka kwa pamoja, na kwa sekunde chache za mwanzo wote huigombea kona moja ambayo haiwatoshi hata robo yao.

Mchezo huu asili yake ni Uingereza. Machi 29, 1924, huko Camberley, katika wilaya ya Surrey, waendesha pikipiki walishindana porini bila ya kupewa alama za ustadi kama ilivyokuwa desturi ya mashindano mengine ya wakati huo. Aliyetangulia kufika ndiye aliyeshinda, basi. Wafaransa na Wabelgiji waliupenda mchezo huo, wakaufupisha mzunguko wake ili watazamaji waweze kuuona, na ndipo likapatikana jina la motokrosi. Mwaka 1952 yakaanzishwa mashindano ya ubingwa wa Ulaya kwa pikipiki za cc 500, na mwaka 1957 ubingwa huo ukapandishwa kuwa wa dunia.

Neno hilo "dunia" lilikuwa kubwa kuliko hali halisi. Kwa miaka mingi mabingwa walitoka Sweden, Uingereza, Ubelgiji na nchi jirani zao. Marekani, pamoja na utajiri wake wote na wingi wa pikipiki zake, haikuwamo. Wamarekani walikuwa na michezo yao: mbio za duara kwenye viwanja vya udongo ulio sawasawa, na mbio ndefu za jangwani. Motokrosi ya Ulaya hawakuijua.

WALIMU KUTOKA NG'AMBO

Mwaka 1966 mfanyabiashara mmoja wa California, Edison Dye, aliyekuwa akiuza pikipiki za Husqvarna kutoka Sweden, alimwalika Marekani Msweden Torsten Hallman, bingwa wa dunia wa pikipiki za cc 250. Hallman alikuja na pikipiki yake nyepesi, akashindana na vijana wa California waliokuwa wakijihesabu kuwa hodari, akawaacha mbali. Watazamaji hawakuwa wamewahi kuona pikipiki ikirushwa angani na kushushwa kwa utulivu namna ile.

Tangu hapo kila mwaka, msimu wa Ulaya ulipokwisha, mabingwa walikwenda Marekani kushindana na kuvuna fedha. Kuanzia 1970 yakawapo mashindano maalumu ya mfululizo yaliyowakutanisha wageni na wenyeji. Mbelgiji Roger De Coster, bingwa wa dunia mara tano katika cc 500, aliyatwaa mara nne mfululizo kuanzia 1974 hadi 1977. Wenyeji walijifunza kwa njia iliyo ngumu kuliko zote, yaani kwa kutazama migongo ya walimu wao.

Ni katika hali hiyo ndipo Carlsbad ilipoingia katika historia. Uwanja ulikuwa umefunguliwa mwaka 1964 kwa ajili ya mbio za magari za robo maili, ambapo magari mawili hushindana kwa mwendo wa kunyooka kwa muda usiozidi sekunde chache. Kando ya njia hiyo ya lami palikuwa na vilima vitupu vya udongo mgumu. Njia ya motokrosi ilichongwa humo. Mwaka 1973 Waingereza wawili waliokuwa wamehamia California, Gavin Trippe na Bruce Cox, waliandaa hapo Grand Prix ya Marekani, ikiwa ni sehemu rasmi ya ubingwa wa dunia wa cc 500. Kwa mara ya kwanza Wamarekani waliona nyumbani kwao mashindano yaleyale ambayo watu wa Ulaya walikuwa wakiyaona kwa zaidi ya miaka 20.

ARDHI NGUMU KAMA SARUJI

Kila uwanja wa motokrosi una tabia yake, kama vile kila shamba lilivyo na udongo wake. Ubelgiji ina mchanga unaomeza magurudumu. Uingereza ina matope. Carlsbad ilikuwa na udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao chini ya jua la California ulikauka na kuwa kama sakafu ya saruji. Juu ya sakafu hiyo lilitandaa vumbi jembamba lenye utelezi. Maji yakimwagwa, udongo uliteleza kama sabuni; yakikauka, vumbi lilifumba macho.

Mshindani aliyezoea udongo laini alipata taabu kubwa hapo. Tairi halikuwa na mahali pa kung'ata. Aliyefungua mafuta kwa pupa gurudumu la nyuma lilimtoka ubavuni, na aliyekamata breki kwa nguvu alianguka. Mteremko wake mkali ulikuwa ukiogopwa hata na watu wa jina kubwa, maana pikipiki ilishuka ikirukaruka juu ya mashimo magumu, na mikono iliyochoka haikuweza tena kuishika.

Kumbuka pia, msomaji, kwamba Grand Prix ya enzi hizo ilikuwa na mbio mbili katika siku moja, kila moja ikichukua dakika 40 na ushei. Pikipiki yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 100. Mshindi ni yule aliyepata matokeo mazuri kuliko wenzake katika mbio zote mbili zikijumlishwa. Kwa hiyo haikutosha kuwa na kasi asubuhi. Ilikupasa uwe na nguvu zilizobaki wakati wa alasiri, joto likiwa limepanda na njia ikiwa imechimbika.

Miaka hiyo pikipiki zenyewe zilikuwa zikibadilika upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 springi na shokomzoba, yaani vile vifaa vinavyopokea mtikisiko wa njia, viliweza kubonyea kiasi cha sentimita 10 tu. Mbelgiji mmoja aitwaye Lucien Tilkens alibuni mfumo wa shokomzoba moja ya nyuma badala ya mbili, kampuni ya Yamaha ikaununua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akautumia kuutwaa ubingwa wa dunia wa cc 250. Viwanda vingine havikulala. Kufikia 1980 pikipiki za mashindano zilikuwa zikibonyea kama sentimita 30. Mashimo ambayo miaka saba kabla yalimlazimu mtu kupunguza mwendo, sasa aliyapita akiwa amefungua mafuta. Mwendo ukaongezeka, na maanguko nayo yakawa mabaya zaidi.

DAKTARI WA MENO ALIYEWASUMBUA

Kuanzia 1973 hadi 1979 Grand Prix ya Marekani ilifanyika Carlsbad mara saba, na mara zote saba mshindi alitoka Ulaya. Aliyewaumiza wenyeji zaidi ya wote alikuwa Mholanzi Gerrit Wolsink. Huyu hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, na kwa taaluma alikuwa daktari wa meno. Hata hivyo kwenye ardhi ile ngumu alikuwa kama samaki majini. Kati ya 1974 na 1979 alishinda Carlsbad mara tano katika mashindano sita.

Hebu fikiria, msomaji, jinsi jambo hilo lilivyokuwa. Wamarekani walikuwa na fedha, pikipiki nzuri na jua la mwaka mzima. Mashindano yalifanyika kwao, yakaonyeshwa nchi nzima katika kipindi mashuhuri cha michezo cha televisheni ya ABC, na kila mwaka kamera zilimwonyesha mgeni akivikwa taji la maua. Aliyekuwa akiwang'oa wenyeji ni mtu ambaye siku za kazi alikuwa aking'oa magego ya watu huko Uholanzi.

Wapo waliokwenda kuutafuta ujuzi kwenye chemchemi yake. Brad Lackey, kijana wa California aliyekuwa bingwa wa Marekani mwaka 1972, alihamia Ulaya akashindana huko karibu miaka kumi, akizunguka kutoka nchi hadi nchi. Jim Pomeroy wa jimbo la Washington alikwenda Hispania mwaka 1973 akashinda Grand Prix ya cc 250, akawa Mmarekani wa kwanza kushinda mashindano ya ubingwa wa dunia. Lakini nyumbani Carlsbad, katika daraja kuu la cc 500, mlango ulibaki umefungwa.

MWAKA WA MARTY MOATES

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1980, tena na mtu ambaye wengi hawakumtazamia.

Miaka hiyo viwanda vikubwa vya Japani viliwapa waendeshaji wao walioajiriwa pikipiki maalumu, zilizoundwa kwa madini mepesi na ya gharama, ambazo haziuzwi dukani kwa bei yoyote. Nyuma ya kila mwendeshaji wa kiwanda walikuwapo mafundi, malori na vipuri. Wengine wote walijitegemea: walinunua pikipiki kama mimi na wewe tunavyoweza kununua, wakatafuta duka au rafiki wa kuwasaidia matairi na mafuta, na mara nyingi wakalala garini.

Marty Moates alikuwa wa kundi hili la pili. Alitoka wilaya ileile ya San Diego ulimokuwa uwanja. Pikipiki yake ilikuwa Yamaha iliyotokana na zile zilizokuwa zikiuzwa madukani, akisaidiwa na duka la pikipiki. Mali yake kubwa ilikuwa moja: aliujua udongo wa Carlsbad. Alikuwa amekwisha kuanguka juu yake, amekwisha kuula vumbi lake, na alijua ni mahali gani pana utelezi hata pale macho yanapodanganywa na rangi ya ardhi.

Siku hiyo walikuwapo mabingwa. Alikuwapo De Coster, aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho wa mashindano ya dunia. Alikuwapo Mbelgiji mwingine, André Malherbe, ambaye mwaka huohuo alikuja kuutwaa ubingwa wa dunia. Jioni, matokeo ya mbio mbili yalipojumlishwa, jina la kwanza lilikuwa la Moates. Mmarekani wa kwanza alikuwa ameshinda Grand Prix ya cc 500 katika ardhi ya Marekani. Watu waliokuwa wameingoja siku hiyo kwa miaka saba walimzingira, na picha za televisheni zikaipeleka furaha yao nchi nzima.

Kwa nini ushindi wa mtu mmoja ulikuwa na uzito kiasi hicho? Kwa sababu uliondoa kisingizio. Lau angeshinda mwajiriwa wa kiwanda kwa pikipiki ya siri, wengine wangesema ni fedha. Aliposhinda kijana wa jirani kwa pikipiki inayofanana na zao, kila mwendeshaji wa Marekani alilazimika kujiuliza swali jipya. Ikiwa yeye ameweza, mimi nashindwa kwa lipi?

MATUNDA YAANZA KUIVA

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1981 Marekani ilipeleka vijana wanne Ulaya kwenye mashindano ya mataifa ya motokrosi: Danny LaPorte, Donnie Hansen, Johnny O'Mara na Chuck Sun. Wakuu wa mchezo nchini mwao hawakuwa na imani nao, maana nyota wengi wakubwa hawakwenda. Msimamizi wao alikuwa Roger De Coster, yuleyule mwalimu wa Kibelgiji, ambaye sasa aliwafanyia kazi waliokuwa wanafunzi wake. Wakashinda Lommel, Ubelgiji, kwenye mchanga ambao Wabelgiji waliuhesabu kuwa wao. Kisha wakashinda Bielstein, Ujerumani. Kuanzia mwaka huo Marekani ilitwaa kombe la mataifa mara 13 mfululizo, hadi 1993.

Mwaka 1982 Brad Lackey naye alipata malipo ya subira yake, akawa Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa cc 500. Mwaka huohuo LaPorte alitwaa ubingwa wa cc 250, na Danny Chandler akashinda Grand Prix ya Carlsbad mbele ya watu wa nyumbani.

Haitakuwa haki kusema kwamba kilima kimoja peke yake kililifanyia taifa zima kazi hiyo. Vilikuwapo viwanja vingine, na vilikuwapo viwanda vilivyotumia fedha nyingi. Lakini mwanafunzi lazima awe na mahali pa kufanyia mtihani. Carlsbad ilikuwa chumba cha mtihani, na matokeo yake yalibandikwa hadharani kila mwaka ili wote wayasome.

Tena uwanja huo haukuwa wa mabingwa peke yao. Grand Prix ilikuwa siku moja tu kwa mwaka. Siku nyingine vilima vile vilikuwa vya watu wa kawaida, mafundi, wanafunzi, mababa pamoja na watoto wao, ambao walilipa kiingilio kidogo, wakapanda na kushuka hadi jioni. Mwaka 1976 kilifunguliwa hapo kiwanja cha saruji kwa ajili ya vijana wanaoteleza kwa mbao zenye magurudumu, mojawapo ya viwanja vya kwanza kabisa vya mchezo huo nchini Marekani. Baadaye kilifungwa na kufukiwa kwa udongo. Mwaka 1979 Trippe aliandaa mchezo mpya uliochanganya lami, udongo na miruko katika mzunguko mmoja, ili ijulikane ni nani mwendeshaji hodari kuliko wote. Mshindi wa kwanza alikuwa Kent Howerton, bingwa wa motokrosi. Kutokana na wazo hilo ndipo ulipozaliwa mchezo unaoitwa supamoto, ambao mwaka 2002 ulipewa ubingwa wake wa dunia.

MJI WAANZA KUKUA

Wakati watu wakitazama vumbi, jambo jingine lilikuwa likitendeka polepole nje ya uzio.

Mwaka 1970 mji wa Carlsbad ulikuwa na wakazi wasiofikia 15,000. Ulikuwa mji mdogo wa pwani, wenye mashamba ya maua na vilima visivyo na mtu. Kelele za injini ziliwaudhi ndege tu. Mwaka 2000 wakazi walikuwa zaidi ya 78,000, na mwaka 2010 walizidi 105,000. Kampuni kubwa za vifaa vya gofu ziliweka makao yake hapo. Mwaka 1999 ilifunguliwa bustani kubwa ya burudani za watoto. Barabara zilipanuliwa, nyumba zikapanda hadi kwenye vilele, na kila ekari iliyokuwa haina kitu ikaanza kuitwa kwa bei yake.

Mchezo wenyewe pia ulikuwa ukihama. Julai 8, 1972, mwaka mmoja kabla ya Grand Prix ya kwanza ya Carlsbad, udongo ulimwagwa ndani ya uwanja mkubwa wa michezo wa Los Angeles, matuta yakajengwa, na mbio za motokrosi zikafanyika chini ya taa za umeme usiku. Mshindi, Marty Tripes, alikuwa na umri wa miaka 16. Waandaaji waliona kwamba watu wako tayari kulipa ili watazame mbio wakiwa wamekaa vitini katikati ya jiji, pasipo vumbi wala safari. Fedha zikaanza kuelekea huko.

Mwaka 1986 Grand Prix ilifanyika Carlsbad kwa mara ya mwisho, kisha ikahamia Hollister, kaskazini zaidi katika jimbo hilohilo. Uwanja ukabakiwa na watu wake wa kawaida na mbio za robo maili za mwisho wa wiki. Kote kusini mwa California viwanja vya mbio vilikuwa vikifa kimoja kimoja. Ontario ilifungwa mwaka 1980. Saddleback, uliokuwa maarufu sana kwa motokrosi, ulifungwa mwaka 1984. Riverside ulifungwa mwaka 1989, mahali pake pakajengwa maduka. Ascot ulifungwa mwaka 1990. Carlsbad ulivumilia kuliko majirani zake wote hao, lakini mwaka 2004 zamu yake ilifika. Tingatinga zilikuja, vilima vikasawazishwa, na ule mteremko uliowatoa jasho mabingwa ukawa msingi wa majengo.

Moates mwenyewe hakuuacha mji huo. Mwaka 1989, pamoja na ndugu wawili, Mark na Brian Simo, alianzisha kampuni ya mavazi iitwayo No Fear, ambayo fulana zake zilivaliwa na vijana wa nchi nyingi. Makao ya kampuni yalikuwa Carlsbad. Alifariki dunia mwaka 2006, miaka miwili baada ya uwanja wake kufungwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, katika habari kama hii ni rahisi kumtafuta mwovu na kumnyooshea kidole. Ukweli hauko hivyo. Mkazi aliyenunua nyumba yake kwa taabu anayo haki ya kulala bila ya ngurumo za injini. Mji unaokua unahitaji mahali pa kazi, na katika yale majengo mapana leo wapo watu wengi wanaopata riziki ya watoto wao. Motokrosi nayo ni mchezo wenye hatari; wengine waliondoka viwanjani wakiwa vilema. Danny Chandler, yule mshindi wa 1982, alivunjika uti wa mgongo mashindanoni Paris mwaka 1985, na hakutembea tena.

Hata hivyo liko swali moja ambalo hesabu ya bei ya ardhi haiwezi kulijibu. Thamani ya uwanja wa michezo hupimwaje? Ukiutazama siku ya Jumanne mchana ni mahali patupu. Mwenye kalamu na karatasi atakwambia kwamba ekari hizi hazizai chochote, na hesabu yake itakuwa sahihi. Lakini katika karatasi hiyo hutaona kijana anayejifunza kuanguka na kuinuka. Hutaona baba na mwanawe wakifungua injini pamoja chini ya mti. Hutaona miaka saba ya kushindwa iliyozaa miaka 13 ya kushinda. Mambo hayo huonekana baadaye, na yakionekana, huwa hakuna anayekumbuka kuyahesabu kama mazao ya ardhi ile.

Sisi nasi tunavyo viwanja vyetu. Si vya pikipiki, pengine. Ni vile vya mpira nyuma ya shule, vyenye magoli ya miti na nyasi zilizokwisha kwa kukanyagwa. Kila mji unaokua huvitazama kwa jicho la kuvipigia hesabu. Kinapoondoka kimoja, watoto huambiwa wakacheze kwingine, na mara nyingi hicho "kwingine" hakijapimwa wala kutengwa. Mahali penye mpango, uwanja mmoja ukiondoka, mwingine huwa umekwisha kuandaliwa. Kusini mwa California wenye pikipiki waliobahatika walipata viwanja vingine mbali na miji. Wasio na gari la kubebea pikipiki waliishia kuuza walizokuwa nazo.

Basi wakati mwingine utakapopita kando ya kiwanja cha mtaani kwenu, ukaona vumbi likipanda na watoto wakipiga kelele, usiharakishe kusema kwamba ni mahali pa bure. Uliza kwanza kiwanja hicho ni cha nani, kimeandikwa wapi, na nani atakitetea siku tingatinga litakapofika. Carlsbad wameuhifadhi uwanja wao kwa kuandika jina lake kwenye kibao cha ofisi. Watoto wa mtaani hawawezi kuchezea kibao.